Mgeni wa Kikao cha Saa Nane

Ajenda ya sita iliitwa "Uwianishaji wa Njia za Kufungulia Programu ya Vikao vya Idara: Kivinjari au Kusakinishwa", na ilipangwa kabla tu ya mengineyo. Aliyekuwa na la kusema ni mmoja, katibu muhtasi, ambaye alifanyia kazi nyumbani.

"Tubaki na kivinjari," alisema. "Huko anayetaka kuingia hupiga hodi, nami ndiye ninayemkubalia."

Hakusema kwamba kila kikao alibisha hodi mgeni asiye na jina, wala kwamba chumba kilianza kunuka nywele zilizoungua, na binti yake wa miaka minne, anayechorea chini ya meza, akauliza, "Mama, mbona humfungulii mjomba?" ilhali spika zilikuwa zimezimwa. Kila mara alimkatalia mgeni huyo, akafunga ukurasa, na harufu ikakatika. Angesema, wangemrudisha ofisini, na mtoto hakuwa na wa kumwachia.

"Hodi zinatupotezea muda," mkurugenzi akasema. "Hii ya kusakinisha ina kumbukumbu. Aliyewahi kubisha, inampitisha moja kwa moja. Nani anapinga? Dada, wewe tena?"

Wakacheka. Azimio likapita kwa kauli moja, kwa kuwa kupinga kwake kuliandikwa kama maoni.

Fundi wa ofisi alikuja nyumbani kwake kesho yake mchana, akaisakinisha huku akipiga mluzi. Mluzi ukakatika.

"Dada," akanong'ona, "kuna mtu yumo ndani tayari. Ni nani?"

"Iondoe."

"Nimeiondoa mara mbili."

"Basi zima kompyuta."

"Nimeshazima. Tazama waya, ninao mkononi."

Kioo kilikuwa cheusi, lakini weusi wenyewe ulikuwa unapumua, na ile harufu ikajaa chumbani, ikapanda kwenye mapazia, ikaingia kooni kama uzi unaovutwa taratibu, na chini ya meza mtoto akawa anacheka kama anayetekenywa, kisha akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, leo hakupiga hodi."

Mama akainama. Palikuwa na penseli za rangi na kandambili mbili ndogo, bado zina joto.

Muhtasari wa kikao kilichofuata unasema usakinishaji ulikamilika bila tatizo lolote. Kilichotokea ni kwamba jini liliingia katika nyumba ile, likamchukua mtoto, na mtoto hakurudi.