Meza ya Mama Mageni

Siku ya gulio Katoro hata mwenye haraka hutembea kwa zamu, lakini Theonest alisimama katikati ya njia, akainama na kuigonga meza ya muuza vitenge kwa kifundo cha kidole. Akasogea kidogo, akagonga tena, akatega sikio. Bodaboda zilimpigia honi, wala hakusikia.

"Kaka, hodi hupigwa mlangoni," sauti ikasema juu yake. "Hapa ni vitenge."

Aliinua macho. Dada mwenyewe alivaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa, kilemba kimefungwa kwa upande. Theonest akajiangalia suruali yake iliyojaa vumbi la mbao, akaona aibu.

"Samahani. Naomba uniuzie meza."

"Na vitenge?"

"Vitenge baki navyo."

Dada alicheka mpaka majirani wakageuka. Aliitwa Mageni.

Theonest alikuwa fundi wa vitanda, ila moyo wake ulikuwa kwenye magitaa. Padri mmoja mzee wa Kihispania, aliyewahi kutumikia Buseresere, alimfundisha kuunda gitaa la flamenko, muziki wa kwao, kwa mkono bila mashine: randa, patasi, na gundi ya kuchemsha ngozi ya ng'ombe. "Liwe jepesi na kavu," padri alimwambia kabla ya kurudi kwao. "Lilie kama mtu aliyeumizwa." Uso wa gitaa la namna hiyo unataka mbao iliyokaa miaka, na msonobari wa ile meza, uliokauka miaka thelathini, uliitika vizuri kuliko mbao yoyote aliyowahi kugonga.

"Ni meza ya marehemu mama," Mageni alimwambia siku alipokuja kununua kitenge cha tatu asichokihitaji. "Sikuuzii. Nakupa. Ila uitunze, Theo."

"Nitaitunza kama macho yangu."

Akamtengenezea meza mpya ya mninga. Siku anaileta, gulio zima lilikwishajua kwamba fundi kapenda. Wakaanza kupigiana simu asubuhi na jioni.

"Umekula?"

"Sauti yako imenishibisha."

"Basi utakonda, baba, maana leo sina la kusema."

Walikubaliana hivi: gitaa likiisha, mshenga atakwenda Ushetu kwa baba yake Mageni. Na lile gitaa halitauzwa. Litakaa nyumbani kwao.

Mchana mmoja Mageni alipiga simu akamkuta kazini. Theonest aliweka simu juu ya meza ya kazi, akafungua spika, akaendelea kuranda. Uso wa gitaa hurandwa mpaka ubaki milimita mbili na ushee. Kila baada ya mikupuo michache unaugonga na kusikiliza. Hapo fundi hatakiwi kukosea. Mageni alikuwa anaeleza habari za mama yake, na chini ya meza, na kisu.

"Umeziona?" akauliza.

"Nimeziona, mpenzi," alijibu, sikio likiwa kwenye mbao.

"Basi uzielekeze ndani."

"Sawa, mpenzi."

Mbao ya ile meza upande wa chini ilikuwa na michubuko ya zamani. Randa ikapita juu yake mara nne, ikatakata. Theonest akayazoa maranda, akayasukuma chini ya sufuria ya gundi, yakawaka vizuri.

Gitaa liliisha mwezi wa saba. Mageni alikuja karakana na gauni la bluu, nywele amesuka siku hiyohiyo. Theonest akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi. Sauti ilitoka kavu, kali, na wachonga vitanda wote wakaweka nyundo chini. Mageni alitabasamu, machozi yanamlengalenga. Akawasha tochi ya simu, akamulika ndani ya tundu.

"Mbona kweupe?"

"Nimeranda pande zote mbili."

"Na alama za mama?"

Theonest akainama, naye akachungulia tunduni.

"Mama hakujua kusoma," Mageni alisema taratibu. "Kila alipozaa alichonga alama chini ya meza kwa kisu. Ziko saba. Wawili walikufa wachanga, hawana picha, na kaburi lao lililimwa. Walikuwa wamebaki pale tu. Nilikwambia, ukasema umeziona."

"Nilidhani ni mikwaruzo."

"Maranda yako wapi?"

Alilitazama jiko kabla ya kumjibu. "Nilichemshia gundi."

Mageni akakaa kwenye kitanda ambacho bado hakijawekwa chaga. Hakupiga kelele. Theonest alitamani angepiga.

Wiki tatu Mageni hakupokea simu. Theonest alimpata stendi, begi miguuni, anasubiri gari la kwenda kwao. Gitaa alikuwa amekuja nalo, amelifunga kwa kitenge.

"Nitazichonga upya, Mageni. Ndani kabisa, zote saba."

"Mkono utakuwa wako. Sio wa mama."

"Nakupenda."

"Najua. Na mimi nakupenda, ndiyo shida yenyewe. Ungekuwa mtu baki ningeshakusamehe." Alilishika gitaa juu ya kitenge, akaliachia. "Mbao unaisikiliza mpaka unajua inataka nini. Mimi nilikuwa nakueleza habari za ndugu zangu waliokufa, ukaniitikia tu. Ndani ya ndoa, Theo, nikikwambia jambo nitajuaje kama umesikia?"

Alitaka kumwambia kwamba sasa anasikia, kwamba tangu siku ile hasikii kingine. Gari likaja, akampandishia begi, naye akamshukuru kwa adabu kama anavyoshukuriwa mpagazi.

Baba yake Mageni alikuwa amefunga beberu nyuma ya nyumba, wa kumpokelea mshenga. Theonest alikuja kusikia baadaye kwamba mzee alipomwona binti yake anashuka peke yake alizunguka nyuma, akamfungua beberu, akamswaga kurudi malishoni.