Transiva Mkobani mwa Ednah

Foleni ya simu nje ya posta ya Meru ilikuwa ndefu, na kijana wa shati la samawati alikuwa akipiga kelele kibandani: "Transiva! Nimesema transiva, si transista!"

"Kaka, Embu wamekusikia hata bila simu," Ednah akasema nyuma yake, gauni lake la manjano likipeperuka. "Na usiichomoe kabla ya kutoa kebo. Utaiua."

Kijana huyo, Runji, aligeuka akiduwaa. Mwaka huo wa 1999, nani mwingine Meru alijua kile kidude kinachochomekwa kwenye swichi ya mtandao ili kompyuta za majengo mawili ziongee?

Ednah alijua. Alitunza kompyuta za chuo kimoja huko Kaaga, Meru, na kampuni iliyomwajiri Runji ndiyo ilikuwa ikifunga swichi chuoni humo. Wiki tatu walifanya kazi pamoja, wakapendana. Runji aliporudi Embu, alipiga simu kila jioni.

"Umekula, tamu wangu?"

"Nimekula, lakini hamu yako bado iko."

Kisha transiva mbili za chuo zikafa. Barua ikamfikia mkuu wa chuo: Ednah amezichomoa ovyo. Chini yake, sahihi ya Runji. Ednah akafutwa kazi siku hiyo hiyo, akaondoka na barua hiyo. Runji alipopiga tena, aliambiwa hayuko.

Hakulia. Alihamia kwa shangazi yake mtaa wa Dallas, Embu, akapata kazi katika chama cha wakulima ambacho Runji angekifungia mtandao. Kila Runji alipokuja, Ednah aliomba ruhusa ya kutoka, wasionane. Alingoja miezi minne.

Asubuhi ya uzinduzi wa mtandao huo alivaa suti nyeusi na rangi nyekundu ya mdomo. Akaingia chumba cha mashine, akatoa kebo, akabonyeza kibano, akaivuta transiva taratibu na kuitia mkobani.

Mbele ya wageni, skrini zote zilikwama. Runji akakimbilia swichi, akakuta tundu tupu, na Ednah mlangoni akitabasamu.

"Umefutwa!" Nyaga, bosi wa Runji, akamngurumia.

Runji alimfuata Ednah uani. "Kwa nini?"

Ednah akamtupia ile barua. Runji akaisoma.

"Hii si sahihi yangu, Ednah! Zile transiva zilikuja mbovu. Nilimwambia Nyaga hivyo." Akatoa kalamu, akatia sahihi yake ubavuni. Sahihi hizo mbili hazikufanana hata kidogo.

Ednah alirudi ukumbini, akaweka transiva na barua mezani, akakiri mbele ya wote kuwa yeye ndiye aliyeichomoa. Nyaga akainamisha kichwa: ile barua aliiandika yeye.

"Nisamehe, mpenzi," Ednah alimwambia Runji nje.

"Nimekusamehe. Lakini miezi minne ulikuwa mji huu huu, ukingoja nianguke. Hukuniuliza hata mara moja."

"Nakuuliza sasa. Bado unanipenda?"

"Ndiyo," Runji akasema.

Kisha akatwaa mfuko wake wa zana, akashika njia ya kwao Siakago, bila kugeuka.