Piko ya Abdulhalim

"Tai, mzigo unatoka leo. Uuone kwa macho yako."

Sauti ya Kariuki, mkuu wake, ilikatika kwenye kidude cha sikioni. Kazini aliitwa Tai. Kwao Pate aliitwa Fahima. Sasa alikuwa anakimbia.

Mbele yake, katika vichochoro vya Matondoni, Abdulhalim alimsukuma punda, akaruka tope, akapotea kwenye kona. Mzee yule ana mbio, astaghfirullah. Fahima akalikaza buibui. Chini yake bastola ya Glock ilikuwa inamchoma mbavu.

Wiki iliyopita alisimama kaburini kwa bibi harusi wa Kiunga. Binti alipakwa piko ya Abdulhalim, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua maharusi, mikono ikatoka malengelenge, kisha koo likaziba. Hata fungate hakuiona. Piko ile ilikuwa imetiwa dawa ya kutia nywele weusi, kali kupita kiasi. Lakini makaratasi yake yalikuwa safi: viungo, namba ya toleo, jina la mwagizaji, cheti cha usalama chenye sahihi ya daktari asiyekuwepo duniani. Kopo moja mzee angelikana. Mzigo mzima asingeweza. Na ukifika Mombasa, ungetawanywa kwa maharusi wa pwani nzima.

Abdulhalim akaingia nyumbani kwake.

Mjanja. Siku ile binti yake Nana alikuwa anapakwa hina, na chumba kilijaa wanawake. Polisi gani mwanamume angethubutu kuvuka kizingiti kile? Alisahau kwamba serikali nayo ina wanawake.

Fahima akaingia na bastola mkononi.

Wanawake wakajibana ukutani. Nana alibaki mkekani, mkono mmoja umejaa maua ya hina, mwingine mtupu. Abdulhalim akavuta pumzi, akasema kwa adabu kwamba bidhaa zake zina vyeti vyote, anayetaka akasome.

"Nimesoma," alisema Fahima. "Cheti chasema piko yako haimdhuru mtu. Ni kweli, Bwana Abdulhalim?"

"Kweli. Wallahi."

Akala kiapo mbele ya mwanawe. Fahima akairudisha bastola kiunoni, akatoa kopo alilolipata Kiunga, akachovya kijiti. Akaushika ule mkono mtupu wa Nana.

"Basi nimpake?"

Jasho lilimtiririka Abdulhalim. Akikataa, amekiri. Akikubali, mzigo unaondoka salama.

Akatazama dirishani.

"Mpake."

Nana alimtazama babake. Hakulia. Akauvuta mkono wake polepole, akauficha ndani ya leso.

"Aliniambia nisiiguse kabisa," alisema. "Ile ni ya wana wa watu. Makatoni yako tini ya makuti, bandani kwa Wazir, kule ufuoni."

"Nana, mwanangu."

"Mtoeni hapa."

Fahima akabonyeza sikio. "Banda la Wazir. Chini ya makuti."

Hawakungoja sana. Kariuki, aliyekuwa ufuoni na kikosi, akajibu kwamba wameupata mzigo wote, na nahodha wa boti ya kuupeleka Mombasa amelazwa kifudifudi mchangani, mikono mgongoni. Fahima akamfunga Abdulhalim pingu, akamtoa miguu mitupu mbele ya wanawake waliokuja kumpongeza. Hakuna aliyemwonea huruma, na Fahima alifurahi kuliona hilo.

Nana akamfuata Fahima hadi mlangoni.

"Babangu angekubali, ungenipaka kweli?"

Alikuwa amekubali, na wote wawili walimsikia. Binti yule alistahili kudanganywa siku ile, aachiwe walau baba aliyekataa.

"Ningekupaka," alisema Fahima.

Akalifunika kopo, akamsukuma mfungwa wake mbele, akashika njia ya gati.