Fundo la Chumvi Kwenye Kanga ya Mama

Nina miaka arobaini na mitatu, nimeolewa Puge, wilaya ya Nzega, na nina watoto wanne. Wasomaji wenzangu, nawaandikia jambo ambalo ndugu zangu hawalizungumzi nikiwepo. Nikiingia wanabadili mazungumzo... na sababu naijua.

Tangu baba afariki, mama alikuwa akiishi Tabora mjini na kaka yangu Maganga na mkewe Debora, binti wa Sikonge. Debora haongei sana. Mimi nilisema tangu arusi yao kwamba mtu asiyesema ana lake jambo.

Mwaka juzi nilikwenda kuwasalimia. Jikoni nikaona sufuria mbili: kubwa ya watu wote, na ndogo yenye mfuniko, ya mama peke yake. Kwa nini mama apikiwe peke yake? Debora alipotoka kuchota maji, nikafunua nikaonja. Mlenda mtupu! Hauna chumvi wala magadi. Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, ndivyo ninavyolishwa tangu mavuno."

Nilimbana wifi yangu. Akanieleza taratibu kwamba mama amepimwa, presha iko juu, na nesi amesema chumvi ipunguzwe sana na dawa anywe kila siku. Akaniletea daftari la kliniki. Sikulifungua.

"Presha inaletwa na mawazo," nikamwambia, "na mawazo umemletea wewe."

"Sawa, wifi," akajibu. Hata hiyo "sawa" niliitilia shaka.

Mama alikuwa amepungua, na miguu yake iliyokuwa ikivimba ilikuwa imenywea. Leo najua ile ilikuwa nafuu... Siku ile niliona anakondeshwa. Nikakumbuka kwamba nyumba ile imeandikwa jina la mama. Akifa, nani atabaki ndani? Nikajiona nimeshajua kila kitu.

Nilikwenda sokoni nikanunua chumvi ya Uvinza, ile tuliyokulia. Nikaifunga kwenye pindo la kanga ya mama, fundo dogo kama la sadaka, nikamwambia anyunyize Debora akigeuka. Mama alicheka kama msichana. Kila nilipokuja, nilimfungia fundo jipya.

Basi kila akipimwa, presha imepanda. Debora akahangaika, akaacha kumpikia hata dagaa. Akamuuliza kaka kama kuna mtu anampa mama kitu kwa siri. Niliposikia hivyo nikasema, ndiye huyo, anatafuta wa kumsingizia! Nikamwita kaka pembeni, nikamwambia mkewe anamuua mama kidogo kidogo, na hata hizo dawa hatujui ni za nini. Kaka alibisha. Lakini mimi ndiye dada yake mkubwa, ingawa namwita kaka, na sikuchoka. Mwishowe Debora akarudishwa kwao Sikonge.

Aliondoka na begi moja. Mlangoni akanipa lile daftari. "Wifi, dawa ya asubuhi asiisahau."

Nikabaki kumuuguza mama mwenyewe. Dawa nikaziweka juu ya kabati. Nikampikia alivyopenda, nsansa, ile mboga ya majani makavu, kwa karanga, na dagaa, chumvi ya kutosha. Kwa wiki tatu mama alikula akafurahi, nami nikajisifu kwa majirani. Jumapili moja asubuhi alikuwa anachambua mboga, ungo ukamponyoka. Mdomo ukaenda upande. Akaniita, na jina langu likatoka nusu...

Hospitali walisema ni kiharusi. Nesi alipokuwa anambadilisha nguo akalikuta lile fundo. Kwangu mama hakuwa na haja nalo tena, ila alikuwa amelizoea. Nesi akalifungua mezani mbele yetu. Kaka alikuwepo, na Debora pia, maana alipopata habari alipanda basi la kwanza. Chumvi ilikuwa imeloa jasho, imeshikamana.

"Hii nani anampa?" nesi akauliza.

Nilitamani kusema sijui. Debora akanitazama. Sijawahi kuogopa macho ya mtu kiasi kile. Nikasema ni mimi.

Kaka akatoka nje. Debora akaikung'uta ile kanga, akamfunika mama miguu.

Mama yu hai, lakini upande wa kulia umekufa na maneno hayatoki. Debora amerudi kwa mumewe, na ndiye anayemlisha kwa kijiko. Nilimwomba msamaha mbele ya wazee, akasema amenisamehe. Je, ni kweli? Shaka imeshakuwa tabia yangu, hata msamaha nauchunguza.

Wenzangu, ukikuta mzazi wako amepunguziwa chumvi, usimshuku aliyeshika mwiko. Fungua daftari usome. Nenda kliniki ukaulize. Na wewe mwenyewe ipunguze mapema, kabla hujaambiwa, ulimi huzoea. Mimi nyumbani kwangu nimezoea.

Mama tu ndiye hajazoea. Kila nikikaa kando yake, mkono wake wa kushoto hupapasa pindo la kanga, taratibu, pembe hii na pembe ile, huku akiniangalia. Bado analitafuta fundo lake... na anajua nani alikuwa akilifunga.