Sema Tu, Sawa Kapteni

"Kesho ukifika pale, usiulize maswali mengi."

Nilikuwa napiga pasi shati langu jeupe. Nikaisimamisha pasi, nikageuka kumtazama huyu mwanaume aliyenivisha pete.

"Maswali gani?"

"Yoyote, mpenzi. Mjomba hapendi rubani mwenye mdomo. Akikwambia chochote, wewe sema tu, sawa Kapteni. Nafasi ni yako."

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu. Ndivyo walivyomwita rubani mkuu wa kampuni yao ya ndege za mizigo za kukodi. Kampuni yenyewe ndege mbili, kuukuu zote, zinapeleka mzigo wowote popote mteja anapotaka. Mchumba wangu alikuwa rubani msaidizi pale, na wenzake walimwita Mpole. Mimi leseni ninayo, nimeisotea, lakini kila kampuni niliyobisha hodi waliniambia nirudi nikiwa na uzoefu. Uzoefu ningeupata wapi jamani, kwenye kochi la mama?

"Yule aliyejaribiwa kabla yangu alikosa nini?"

"Aliongea."

"Aliongea nini?"

"Si unaona? Umeshaanza."

Akacheka peke yake. Simu yake ikaita, alikuwa mama yake, akaweka sauti kubwa.

"Mkwe wangu rubani! Nimeshawatangazia majirani. Ukipata kazi tu tunapanga siku ya harusi, sitaki visingizio!"

"Mama, bado sijapata."

"Utapata! Mwanangu kaniambia mambo yote ameshayaweka sawa."

Nikamtazama Mpole. Akawa anaangalia viatu vyake. Alipoaga, akaokota kipande cha fulana yangu ya zamani ya njano, niliyoichana iwe kitambaa, akakitia mfukoni.

"Cha nini hicho?"

"Cha kufutia viatu. Si unasema rubani mchafu hapendezi?"

Nikambusu. Nilimpenda mwanaume yule, sitadanganya.

Asubuhi nilimkuta Mjomba kivulini chini ya bawa, mfupi, mtulivu, anamumunya peremende. Makreti ya vipuri yalikuwa yameshapakiwa.

"Karibu, binti. Nasikia una mikono mizuri."

"Asante, Kapteni."

"Mikono mizuri na mdomo mfupi, ndiye rubani ninayemtaka. Leo utakaa na mimi mbele, tupeleke huu mzigo, nikuone. Zunguka ndege uikague. Haraka, mwenye mzigo ananisumbua na simu."

Nikazunguka. Matairi sawa. Injini ya kulia ilikuwa na vumbi la wiki nzima. Nikafika ya kushoto, nikasimama. Ilikuwa inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Sasa nani anaosha injini moja akaiacha nyingine?

Nikainama. Tone jeusi likaanguka mbele ya kiatu changu. Likafuata la pili. Nikaligusa, nikalinusa. Oili.

Mpole alikuwa amesimama nyuma yangu. Ncha ya njano ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wake.

"Nipe hicho kitambaa," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Kipi?"

"Usinifanye mtoto."

Akakitoa. Fulana yangu yote ilikuwa imeloa oili.

"Umefuta saa ngapi?"

"Kabla hujafika. Nilijua ukiiona utaongea."

"Inavuja tangu lini?"

"Kitambo. Fundi anajua, Mjomba anajua. Tunaongeza oili, tunaruka, tunatua. Mimi si huyu hapa? Nimekufa?"

"Kwa hiyo ulitaka niruke na injini mbovu bila kujua? Mimi? Wewe ndiye wa kunifichia?"

"Nilitaka tuoane!" Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Nilitaka tukae viti viwili mle ndani, mimi na wewe, kama tulivyokuwa tunaota. Nimefanya kwa ajili yetu. Nakuomba, mpenzi. Sema sawa, mara moja tu."

Mungu anisamehe, nilitaka kusema. Niliitaka ile kazi. Niliinua macho nikaona kiti changu kupitia kioo cha mbele, kitupu, kinaningoja.

"Binti!" Mjomba akaita. "Ukaguzi vipi?"

Mpole akanitazama. Midomo yake ikatamka bila sauti: sawa Kapteni.

"Injini ya kushoto inavuja, Kapteni. Mimi hii ndege siirushi."

Nilitegemea atanitukana. Hakunitukana. Alihamisha peremende kutoka shavu hili kwenda lile, na utulivu wake ndio ulionitisha.

"Asante kwa kuja. Geti liko kule. Mpole, panda, twende."

Nikamkamata Mpole mkono.

"Usipande. Twende zetu nyumbani."

"Nikiacha hii kazi nitakuwa nani?"

"Utakuwa mume wangu."

Akaanza kuvibandua vidole vyangu, kimoja kimoja, polepole, asiniumize. Hata hapo alikuwa mpole. Akapanda.

Nilisimama nje ya uzio, nikaiona inakimbia, inanyanyuka, inazama mawinguni. Sikuweza kuondoka. Mlinzi aliniletea kiti, akaona nalia, akarudi getini kwake. Nilikaa nimeshika simu mpaka mkono ukafa ganzi. Hatimaye ikaita.

"Tumetua!" Mpole alikuwa anacheka. "Umeona sasa? Hakuna kilichotokea. Ungesema sawa, saa hizi ungekuwa na kazi!"

"Nashukuru Mungu," nikasema, na nilikuwa nashukuru kweli.

"Usilie basi. Nitamwomba Mjomba akupe nafasi nyingine."

"Kesho utafuta tena ile oili?"

Kicheko chake kikakatika.

"Mpole, nakuuliza. Kesho utafuta tena?"

"Kesho tunaondoka mapema," akajibu.

Kesho yake asubuhi na mapema nikapeleka pete kwa mama yake. Nilimkuta anaosha vyombo nyuma ya nyumba.

"Mwanangu amekosa nini? Ana mwanamke?"

"Hana, mama. Afadhali angekuwa naye, ningegombana naye yakaisha."

"Sasa ni nini?"

Nikamweleza yote. Injini, oili, kitambaa. Akaifunga pete kwenye upindo wa kanga yake.

"Lakini si alitua salama?"

"Alitua, mama."

"Basi! Vijana wa siku hizi mnavunja uchumba kwa jambo ambalo hata halijatokea."

Na hapo ndipo tukaisikia ndege. Ilikuja kwa mbali, ikapita juu ya paa, chini chini, nzito. Mama akabaki na sahani mkononi, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Hakupumua, na mimi sikupumua, mpaka sauti ikaisha kabisa.

"Hiyo ni yake?"

"Ni yake, mama."

Akaiweka sahani chini. Akakaa kwenye kigoda, uso umemshuka.

"Na ya kurudi huwa inapita saa ngapi?"

"Jioni."

Akanisogezea kigoda kingine.

"Usiondoke, mwanangu. Kaa tuingoje."

Nikakaa.