Dhoruba ya Jua na Jiko la Mama

Kuna watu wakisimulia mapenzi lazima waanze na maua. Haya yalianza kwa teke, na kama hupendi ugomvi tuagane mapema.

Ilikuwa saa sita mchana, kwenye njia panda yenye benki pembe moja na teksi pembe nyingine, watu wanapitana bega kwa bega na kila mtu ana haraka zake. Katikati ya njia ya waenda kwa miguu, kijana mmoja alikuwa amesimamisha chombo cha kupimia ardhi juu ya miguu yake mitatu. Ameinama, jicho kwenye darubini, shati la kaki limenyooshwa pasi mpaka mikononi, kana kwamba mji mzima ulijengwa ili yeye auchungulie. Dada mmoja akatoka duka la miwani, gauni la samawati na koti jeupe la kazi juu yake, kashika trei ya lenzi. Macho yake yalikuwa kwenye lenzi. Mguu wake ukagonga mguu wa chombo, chombo kikaenda kule, lenzi zikaenda huku.

"Dada, unajua umefanya nini?" kijana akauliza. "Nimekiweka sawa hiki kwa saa nzima."

"Na wewe unajua umefanya nini? Hizi ni lenzi za watu. Njia hii umeachiwa urithi na baba yako?"

"Nina kibali."

"Kibali cha kuvunja watu miguu."

Kijana akachuchumaa kumsaidia kuokota. Dada alipomaliza kuzihesabu lenzi zake akakitazama kile chombo, akapitisha kidole kwenye kioo cha darubini.

"Kioo chako kina ukungu. Ndicho unachopimia ardhi za watu?"

"Kinaona vizuri."

"Kinaona kama bibi yangu kabla sijamtengenezea miwani. Kilete dukani nikisafishe, usije ukampa mtu shamba la mwenzake."

Kijana alikipeleka jioni ile ile. Kesho yake akarudi na sababu nyingine, na keshokutwa na nyingine. Wiki ya tatu sababu zilimwishia, akaja hivyo hivyo. Yeye akamwita dada yule Miwani, naye akaitwa Mpima, na sisi tutawaita majina hayo hayo.

Walipendana, hilo nisilipunguze. Saa ya chakula cha mchana walipanda juu ya paa la jengo la duka, kwenye matangi ya maji. Siku moja Mpima alielekeza darubini kwenye jua, akataka kuinama.

"Ukiweka jicho hapo nakuacha," Miwani akasema. "Siolewi na kipofu wa kujitakia."

"Nani kaweka jicho? Lete ile kadi yako ya kupimia macho. Ishike hapa nyuma, upande mweupe."

Jua likatua juu ya kadi, duara la mwanga kama sahani ndogo, na ndani yake vidoa vyeusi vitano, viwili vikubwa.

"Uchafu wa kioo," Miwani akasema.

"Kioo ulisafisha mwenyewe. Hayo ni madoa ya jua. Hilo kubwa zaidi lingeimeza dunia yote na bado likabaki na nafasi. Sehemu hizo zikilipuka huko, tunapata dhoruba huku chini. Redio zinakwama, satelaiti zinachanganyikiwa, na mashine yangu inayosikiliza satelaiti inanipa mpaka wa uongo. Leo hapa, dakika mbili baadaye mita mbili kule."

"Sasa utajuaje?"

"Huwa tunatumiwa onyo kwenye simu. Halafu kila jiwe la mpaka tunalipima mara mbili, saa tofauti. Yasipolingana, nakunja vyombo."

"Unakwenda wapi?"

"Nakuja kwako, laazizi. Nikwambie kazi hakuna, jua limegoma."

Alicheka mpaka kadi ikamponyoka. Mwezi wa nne wakakubaliana: Jumapili inayofuata Miwani atampeleka Mpima kwa mama yake, akajulikane rasmi. Mama aliishi upande wa pili wa mji, na Mpima alikuwa hajawahi kufika.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Miwani anasaga lenzi, simu ikalia.

"Wamevunja jiko," mama akasema.

"Nani kavunja nini, mama?"

"Jirani. Jiko na bafu. Kaja na watu sita na karatasi yenye muhuri, anasema ukuta wangu uko kwenye kiwanja chake. Hakungoja hata barua ya ofisi. Keshokutwa kuna kikao huko ofisi ya ardhi, na Jumanne anamwaga zege la msingi. Mwanangu, nimekaa barazani na sufuria zangu, watu wanapita wananiangalia."

Miwani alifika na koti la kazi mwilini. Alikuta vumbi bado halijatulia. Mama amejifunga khanga kifuani, nyingine kichwani, amekaa kwenye kigoda katikati ya sufuria, hana machozi. Pale lilipokuwa jiko lilikuwa rundo la matofali. Nakala ya karatasi ilikuwa chini ya sufuria isipeperuke. Miwani akaisoma mpaka mwisho, kwenye sahihi. Sahihi ile aliijua. Ilikuwa kwenye kadi ya Mpima aliyoibandika kwenye kioo chake cha kuvalia.

"Mama, aliyekuja kupima alikuwaje?"

"Kijana mtanashati, shati la kaki. Nilimwambia, baba, hilo jiko lina miaka ishirini, mume wangu alilijenga akipima kwa mkono mbele ya huyo jirani. Unajua alinijibu nini? Mama, mashine haina upendeleo."

Nilikwambia tuagane mapema. Miwani alitoka nje ya geti, akapiga simu.

"Kipenzi," Mpima akapokea kwa furaha, "nilikuwa nakutafuta. Suti imekaa mpaka fundi mwenyewe kan—"

"Alhamisi ulipima wapi?"

Akamwambia mtaa.

"Lile jiko ulilopitisha mstari katikati ni la mama yangu. Njoo uone kazi yako."

Alikuja mbio, na alikuja na karatasi. Wanaume na karatasi zao. Alisimama mbele ya rundo la matofali, jasho linamtoka, akamwamkia mama, mama akatazama upande mwingine.

"Miwani, nisikilize. Alhamisi kulikuwa na dhoruba ya jua, kubwa kweli. Hii hapa taarifa. Ndege zimebadilishiwa njia, meli zimekosa redio. Satelaiti ziliyumba, mashine ikayumba nayo. Mimi sikuvunja jiko la mama. Ni jua."

Mama akageuka polepole.

"Nimedanganywa na wanaume wengi," akasema, "lakini wa jua sijawahi kumpata. Huyu ni wa kwanza."

"Si uongo, mama. Ni sayansi."

"Ni sayansi, mama," Miwani akasema, na sauti yake ilishuka badala ya kupanda. "Alinifundisha mwenyewe juu ya paa. Na alinifundisha kwamba wanatumiwa onyo. Mpima, ulitumiwa?"

Mpima akakunja pembe ya karatasi yake.

"Nimekuuliza."

"Nilitumiwa. Asubuhi."

"Ulipima mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kwa nini?"

Aliangalia viatu vyake. "Duka la suti lilikuwa linafungwa saa kumi."

Miwani akakaa juu ya matofali. "Umevunja jiko la mama yangu," akasema, "ili upate suti ya kuja kumsalimia mama yangu."

"Lakini kama dhoruba isingekuwepo—"

"Dhoruba ilikuwepo. Na wewe ulijua. Kosa ningekusamehe, Mpima, mimi nakosea lenzi kila wiki na naomba radhi. Ila umesimama mbele ya mwanamke asiye na bafu unamnyooshea kidole jua. Ondoka. Sitaki kukuona nikiwa na tofali karibu."

Jumapili alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akapokelewa.

"Nimeulizia ofisini," akasema harakaharaka. "Nikiwaambia ni dhoruba, wanaunda kamati. Miezi mitatu. Mimi nitakuwa salama."

"Na muhuri wako?"

"Unabaki mpaka kamati iseme."

"Kwa hiyo Jumanne jirani anamwaga zege."

"Nikikiri sikufuata utaratibu wanaufuta siku hiyo hiyo. Lakini leseni inakwenda, mpenzi. Mwaka mzima. Nitakula nini?"

"Sijakuambia ukiri. Wewe ni mtu mzima. Nimekuambia usinitajie jua." Akakata.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, feni inayolalamika na afisa ardhi mwanamke wa makamo, miwani imemshuka puani. Mama alikaa mbele, amevaa gauni lake la heshima, ananukia sabuni ya bafu la jirani mwingine. Miwani alikaa nyuma yake. Jirani aliyebomoa alikaa amejinyoosha, simu mbili mezani, mkandarasi wake nje ya mlango.

"Mpimaji," afisa akasema, "vipimo vyako haviendani na ramani ya zamani. Eleza."

Mpima akasimama na ile taarifa mkononi. "Alhamisi kulitokea dhoruba ya jua," akaanza.

"Kweli kabisa," jirani akadakia. "Hata redio yangu ilikoroma siku nzima. Mambo ya Mungu hayo. Kamati iundwe, taratibu tu, sisi hatuna haraka." Akamtazama Mpima kwa upole, kama mtu anavyomtazama ndugu yake.

Upole ule ndio uliomchoma. Mpima alimtazama jirani, akamtazama mama, akaikunja taarifa mara mbili na kuitia mfukoni.

"Mheshimiwa, dhoruba ilitokea, lakini si kosa lake. Nilipata onyo saa moja asubuhi. Mashine ilikuwa inarukaruka na niliiona. Utaratibu ni kupima mara mbili, mimi nilipima mara moja nikaondoka kwa shughuli zangu binafsi. Mama huyu aliniambia pale pale kwamba nimekosea, nikamjibu kwa kiburi. Muhuri wangu naomba ufutwe leo."

"Unajua kitakachofuata?"

"Najua."

Afisa akavua miwani. "Leseni weka mezani. Kiwanja kitapimwa upya na mtu mwingine, na atakayemwaga hata ndoo moja ya zege kabla ya hapo nitamfikisha mahakamani." Jirani akasimama anapiga kelele, akaambiwa apige kelele nje.

Mpima alipopita kwa Miwani alipunguza mwendo. Miwani hakumtazama. Ulifikiri angemkumbatia? Mama yake alikuwa bado hana jiko.

Mpimaji mwingine alikuja Jumatano, akapima asubuhi, akapima jioni. Jiwe la mpaka likarudi kwa jirani, mita moja na nusu na zaidi kidogo. Kuhusu kujenga upya, jirani alisema aliamini muhuri wa serikali na hadaiwi kitu.

Alhamisi asubuhi Mpima alisimama getini na mwiko wa fundi na mifuko miwili ya saruji, kavaa fulana kuukuu. Mama akamfungulia bila neno. Siku ya kwanza ukuta alioujenga ulipinda, mama akauangalia, akausukuma kwa mguu, ukaanguka. Mpima akaanza tena. Wiki mbili mama hakumsemesha. Akitaka kumwambia jambo alimwambia Miwani: mwambie yule maji yako kwenye pipa, mwambie yule anakanyaga mchicha wangu. Suti ilikuwa imeuzwa, imekuwa mabati.

Jioni ya kumi na tano, kabla jua halijazama, Miwani alitoka kazini akamkuta anapiga lipu. Alisimama nyuma yake.

"Mimi sijapoa," akasema.

"Najua."

"Nikiona shati la kaki popote bado hasira inanipanda. Na sitapoa mwezi huu, wala ujao."

"Nitangoja, Miwani. Sina kazi nyingine."

"Sitaki ungoje. Ukingoja nipoe utanioa nikiwa mzuri, halafu siku nikikasirika useme hukujua. Nioe hivi hivi nilivyo na hasira, ukiwa umeona kila kitu."

Mpima alibaki na mwiko hewani, lipu inadondoka miguuni. Dirishani mwa jiko jipya, kwenye tundu ambalo bado halikuwa na fremu, mama akatokeza kichwa.

"Mjibu mwenzako, mwanangu," akamwambia Mpima. "Saruji inakauka."