Aliyemfuata Youa Kwenye Theluji

Jua la Minnesota mwezi wa Januari halina adabu. Watu hawajamaliza hata kuosha vyombo vya mchana, limeshaondoka bila kuaga. Kwa hiyo giza lilikuwa linaingia Youa alipovaa koti alilopewa na watu wa kanisa, tayari kwenda nyuma ya jengo, kwenye mapipa ya taka, kumchukua mwanawe.

Mwanawe mwenyewe alikuwa kitandani. Panyia, miaka minne, aliteleza pale kwenye mapipa mbwa wa jirani alipombwekea, na tangu siku hiyo halii, hali, hasemi. Daktari alimpima akasema hana ugonjwa wowote. Mama mkwe, Bi Blia, alimtazama mara moja tu akasema roho ya mtoto imebaki kwenye barafu. Sasa midomo ilikuwa inageuka rangi ya majivu. Isiporudi leo, alisema bibi, kesho hakutakuwa na wa kuitiwa.

Akamkabidhi Youa shati jekundu la mtoto, yai bichi na kijiti cha udi kinachowaka.

"Mbona usiende wewe, mama? Wewe ndiye fundi wa kuita roho."

"Kwa magoti haya? Unataka mje mniokote na mimi?" Bi Blia alicheka, lakini macho hayakucheka. "Ita jina lake, urudi moja kwa moja. Usitazame nyuma. Usiongee na kitu. Mlangoni nitakuuliza kama amefika. Usijibu mpaka uwe na hakika ni nani."

"Awe nani tena, zaidi ya Panyia?"

"Unajua wewe."

Youa alijua, na ikamchoma. Panyia huyu alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa na miaka miwili usiku walipoufikia Mto Mekong, wanakimbia Laos, askari wako nyuma yao. Mtoto akaanza kulia. Youa akamlambisha kidoleni kasumba, dawa ya kulevya, ili asinzie, akamfunga mgongoni, akamnong'oneza, "Kimya. Watasikia. Lala." Mtoto akalala. Walipotoka majini upande wa Thailand alikuwa bado amelala, na hakuamka tena. Wakamfukia mchangani kwa mikono, bila hata filimbi ya matete ya kumwonyesha njia ya kwa mababu.

Alipojifungua tena kwenye kambi ya wakimbizi, Youa alimpa mtoto jina lile lile. Bi Blia alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Jina si shati la kurithishana!" Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Youa hakusikia la mkuu.

Kwenye mapipa hapakuwa na mtu. Hata mbwa hakuwepo. Youa alilitandaza shati juu ya barafu, akaita kwa sauti ndogo.

"Panyia, njoo nyumbani. Hapa si kwenu. Njoo ule wali wa moto, bibi anakungoja."

Kimya.

"Panyia, njoo..."

Moshi wa udi ukalala chini ghafla, kama umekanyagwa. Youa aliliokota shati, akageuka, akaanza kurudi.

Krap... krap... krap...

Hatua ndogo nyuma yake. Viatu vya mtoto kwenye theluji! Alitaka kucheka kwa furaha. Akajizuia, akaongeza mwendo.

Krap... krap... kisha chwa. Chwa... chwa...

Youa alipunguza mwendo. Hicho hakikuwa kiatu. Ilikuwa miguu mitupu, iliyolowa, kama ya mtu anayetoka majini. Na baridi ya kule haina harufu, kila kitu kimeganda. Lakini sasa kulikuwa na harufu. Tope la mtoni. Halafu nyingine, tamu, nzito, inayong'ang'ania kooni.

Kasumba.

Panyia wa kambini hakuwahi kuuona ule mto. Basi yule wa viatu yuko wapi? Ametangulia? Amesukumwa? Akavunja mwiko, akanong'ona bila kugeuka.

"Wewe... ni Panyia yupi?"

Hatua zikasimama. Sauti ikatoka chini, karibu na kiuno chake.

"Kimya, mama. Watasikia."

Youa alikimbia. Hajui alipandaje zile ngazi. Alipofika mlangoni chwa chwa ilikuwa imefika naye, na kitu kidogo kilikuwa kimeshika pindo la koti lake.

"Amefika?" Bi Blia aliuliza kutoka ndani.

Youa hakujibu.

"Youa! Mtoto anakata pumzi huku. Amefika?"

Akisema hapana, mlango haufunguliwi, na wa kitandani anakufa. Akisema ndiyo, anaingiza asichokijua. Lakini hofu haikuwa yote iliyomshika. Huyu aliyeshika koti lake, Youa alishamwacha mara moja, mchangani, peke yake. Amwache tena, kwenye barafu?

Liwalo na liwe.

"Amefika," alisema, huku analia.

Mlango ukafunguliwa. Baridi ya majimaji ikampita kiunoni, ikaingia. Kitandani, Panyia alifumbua macho.

"Njaa," alisema.

Alikula bakuli la wali, akaomba la pili. Baba yake, Neng, aliporudi kazini alimrusha juu mpaka akakwaruza dari. Bi Blia peke yake hakutoka jikoni. Alilichemsha lile yai ili asome kama roho imerudi salama, akalimenya, akalikata.

Viini viwili.

"Mama..." Youa alianza.

"Mayai ya dukani ya nchi hii, yote ndivyo yalivyo," alisema Bi Blia, akalimeza bila chumvi.

Youa alipompeleka mtoto kitandani, gari la zimamoto lilipita barabarani likipiga king'ora. Panyia alijikunyata, akambana mama yake mdomo kwa kiganja. Kiganja kilikuwa cha baridi, na kilikwaruza. Kilikuwa na mchanga, na nje hakukuwa na mchanga popote, theluji tupu.

King'ora kikapotea. Mtoto akasogeza midomo sikioni mwake.

"Mama... tumevuka?"

Youa alimwambia wamevuka. Akamkumbatia kwa nguvu, akamkodolea macho, wala hakuthubutu kumwambia alale.